Dole Gumba Kwenye Kalenda ya Masufuria

Mwezi uliopita nilirudisha mali zote za kampuni. Kompyuta nilirudisha, chaja nilirudisha, hata kile kiti cha kuzunguka ambacho mume wangu alikuwa amekizoea kuliko mimi, nacho kilishuka ngazi kikaenda zake. Kitu kimoja tu sikukirudisha, na wala hakuna aliyekidai: kalenda ya ukutani yenye picha ya sufuria kubwa la pilau, tuliyopewa bure na duka la masufuria la mtaani kwetu. Hiyo ilikuwa yangu. Bosi wetu Feisal ameniomba niwaandikie ninyi vijana mnaobaki, mnaofanyia kazi majumbani kwenu huku watoto wanalia na wageni wanapiga hodi, niwaeleze nilivyokuwa naitumia. Basi kaeni vizuri, maana mimi nikianza habari za kalenda sina breki.

Nilianza kazi mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo, nikiwa msichana mwembamba, msiniulize miaka, kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Siku ya kwanza niliwahi kabla hata ofisi haijafunguliwa, nimevaa gauni la kuazima, najivunia kasi yangu ya kupiga taipu. Karani mkuu alikuwa Bwana Mapunda, mtu wa Songea, mpole, mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka inakata. Hakunionyesha taipu. Alinisimamisha mbele ya kalenda.

"Unaona nini hapo, binti?"

"Tarehe, shikamoo."

"Marahaba. Salamu umeileta mwishoni, lakini imefika. Haya, angalia tena."

Nikaangalia. Kila kisanduku kilikuwa na maandishi madogo ya penseli: jina la meli, jina la mwenye mzigo, jina la karani atakayekwenda bandarini. Nikamuuliza kwa nini penseli, ofisi nzima imejaa kalamu.

"Kwa sababu meli haina adabu. Inasema Jumanne, inakuja Ijumaa. Wino utautumia mzigo ukishafika."

Ufutio wake alikuwa ameutoboa akautia uzi, akauvaa shingoni. Wateja wageni walidhani ni hirizi, na yeye hakuwasahihisha, alisema walikuwa wanamheshimu zaidi. Alipostaafu alinivika mimi. Taipu ziliondoka, mashine za faksi zikaja zikaondoka, kompyuta zikaingia, ufutio nikabaki nao. Vyeo na mishahara sitavizungumzia. Vilikuwepo, vilitosha kulalamikia.

Sasa turuke miaka mingi, tufike kwenye utamu. Jengo letu la ofisi lilivunjwa lijengwe ghorofa, kama mnavyojua Kariakoo na Gerezani, ukilala nyumba moja unaamka nyumba nyingine. Tukahamia vyumba viwili juu ya duka la vipuri. Hatukuenea. Feisal, ambaye ndio kwanza alikuwa amepokea usukani kwa baba yake, akasema watu wa nyaraka tufanyie kazi nyumbani kwa majaribio. Watu wa nyaraka tulikuwa wawili: mimi, na Mama Luka wa Buguruni, mwanamke anayecheka mpaka simu inatetemeka, na anayejua karatasi za mzigo kama anavyojua watoto wake.

Mwezi uleule mama yangu akapata kiharusi.

Mama yangu, Bi Tatu, aliuza viungo vya pilau Kariakoo tangu mimi sijazaliwa. Kidole gumba cha mkono wake wa kulia kina kovu lililokatiza katikati, la kisu cha kukatia mdalasini. Tunaishi naye ghorofa ya tatu, jengo la zamani lisilo na lifti, na kutoka dirishani kwetu anaona wenzake wa biashara wamekaa barazani chini na mabeseni yao. Kiharusi kilichukua upande wa kulia. Ulimi kiliuacha mzima, na kwa hilo nyumba nzima tulimshukuru Mungu, ingawa kuna siku mume wangu alishukuru kwa sauti ndogo.

Kaka yangu Abdallah akaja kutoka Mkuranga kumwona. Si mtu mbaya kaka yangu, naomba lieleweke. Alimtazama mama kitandani, akazitazama ngazi, akaniambia mbele yake:

"Zuhura, humu ghorofani mama atakuwa mfungwa. Kwangu nyumba ni ya chini, hewa ipo, kuku wapo."

"Mimi na kuku wapi na wapi?" mama akauliza.

"Mama, huwezi kushuka hata kununua vocha."

"Nitashuka."

"Lini?"

Mama akageukia dirishani. Abdallah akasema atatuachia mpaka Idi. Siku ya Idi atakuja na gari baada ya swala, na kama mama bado hawezi kushuka ngazi kwa miguu yake, anaondoka naye. Kila mtu mle chumbani alijua kwamba mama akipelekwa mbali na baraza lile na harufu ile ya karafuu na iliki, hata ale kuku kila siku, hatakuwa Bi Tatu tena. Abdallah alipoondoka, mama alinishika kwa mkono mzima akaniambia, "Siku ya Idi nakaa barazani na wenzangu. Nakwambia ukweli."

Kwa hiyo kazi ya nyumbani kwangu ilikuwa bahati. Ningekuwa ofisini kutwa, nani angemfanyisha mazoezi? Mtaalamu wa hospitali alituelekeza: asubuhi mara moja, alasiri mara moja, bila kuruka. Na kama majaribio ya Feisal yangeshindikana ningerudishwa ofisini, na mama angekuwa wa Mkuranga hata kabla ya Idi. Vijana, sijawahi kuitaka kazi kama nilivyoitaka wakati ule.

Wiki za mwanzo zilikuwa vurugu tupu. Watu wa kwetu wakikuona uko nyumbani wanajua huna kazi. Wifi yangu Mwajuma alinipigia kila siku: "Wewe si upo tu nyumbani? Nipokelee mzigo wangu unatoka Tanga." Kamati ya harusi ya jirani ikahamishia vikao vyake sebuleni kwangu kwa sababu mimi nipo tu. Mtu akifiwa nyumba ya pili, natumwa kukoroga uji wa msibani kwa sababu nipo tu. Mume wangu Shomari, fundi mstaafu wa karakana ya reli, alikuwa anapokea marafiki zake saa zilezile ninazozungumza na mawakala wa mpakani, nao wanabishana mpira kwa sauti ya watu waliozoea kuzungumza kando ya injini.

Na mama naye. Nimevaa hedifoni, naeleza habari nzito ya kontena, namsikia:

"Zuhura! Unaongea na nani?"

"Niko kwenye kikao, mama."

"Kikao gani mtu yuko peke yake?"

Mteja wa upande wa pili akacheka. Feisal hakucheka. Alinipigia baadaye, kwa adabu zake zote, "Shikamoo Bi Zuhura," halafu akasema, "Jana sauti za nyumbani zilikuwa nyingi kidogo." Mtoto wa mjini akikwambia kidogo, ujue ni nyingi.

Jioni ile nikaitoa ile kalenda ya masufuria nyuma ya kabati. Nilikuwa nimeidharau kwa sababu ya lile sufuria. Nikaigongelea msumari sebuleni, pale ambapo kila mgeni lazima aione kabla hajakaa, nikachukua penseli na ufutio wa Bwana Mapunda, nikaanza. Vikao vya video. Siku za malori kuondoka. Siku za kuwapigia mawakala wa mpakani Tunduma. Nilijaza mwezi mzima, nikarudi nyuma nikaitazama kazi yangu kwa raha, mikono kiunoni.

Mama alikuwa kwenye kiti chake, ananiangalia.

"Imejaa," akasema.

"Imejaa, mama. Sasa mambo yatanyooka."

"Mimi niko wapi hapo?"

Mazoezi yake nilikuwa nayafanya katikati ya mambo, nikipata upenyo, na kwenye kalenda hayakuwemo hata kwa nukta. Niliona haya mpaka masikio yakapata moto. Nikataka kumwandikia, akakataa. Akaonyesha mezani, palipokuwa na muhuri wa kampuni na kidau cha wino wa bluu nilichonunua mwenyewe. "Nisogezee hicho." Akajaribu kuunyanyua mkono wa kulia, haukwenda. Akatumia wa kushoto. Alichovya dole gumba, nikamsogezea kalenda mapajani, akapiga muhuri wake kwenye kisanduku cha kesho. Duara zuri la bluu, mistari yake yote imetulia.

"Hapo ni pangu," akasema. "Mwambie Feisal."

Na nilimwambia! Hapo ndipo kalenda yangu ilipoanza kufanya kazi, na nitawaeleza yote, maana kila mara kuna mmoja wenu anayenipigia akilia kwamba nyumbani kumemshinda. Asubuhi kabla ya kazi ilikuwa ya mama, na alasiri saa kumi ilikuwa ya mama. Nikaviingiza vipindi hivyo kwenye kalenda ya simu tunayoiona wote ofisini, ili mtu asinipangie kikao juu yake. Shomari nikampa rangi yake, nyekundu kama bendera ya reli, akajaza siku za marafiki zake mwenyewe. Kumbe mtu akiandika kwa mkono wake anaheshimu! Kamati ya harusi nikaipa Jumamosi. Misiba sikuipangia siku, nani anaipangia, lakini niliacha kila wiki mchana mmoja mweupe, usio na kitu, na siku nikiitwa kukoroga uji kazi ya wakati huo ilihamia pale. Wifi Mwajuma alipopiga simu nilimwambia, "Ngoja niangalie kalenda," na kwa namna ambayo sijaielewa mpaka leo, maneno hayo yana nguvu kuliko "sina nafasi." Jioni kazi ikiisha nilifunika kompyuta kwa kanga. Kanga ikishakaa juu yake, ofisi imefungwa, hata meli izame.

Ukutani niliandika saa zetu na kwenye simu saa za kizungu. Ilinichukua siku kadhaa kuzoea, na wakala mmoja wa mpakani aliamshwa usingizini. Ameshanisamehe.

Mama akawa anakwenda mbele. Kwanza kusimama kwa kushika kiti, kisha kutembea mpaka dirishani, kisha mlangoni. Tukaanza ngazi. Mtaalamu alitufundisha kwamba ukipanda unatanguliza mguu mzima, ukishuka unatanguliza mgonjwa, na mama aliyageuza mafunzo hayo kuwa amri. Mguu wa kulia ukisita aliusemesha, "Tangulia wewe mvivu." Mimi nilishuka kinyumenyume mbele yake, kwa sababu alisema akiniona mimi haoni kina cha ngazi. Shomari alikuwa nyuma ameshika kanga iliyofungwa kiunoni kwa mama. Tulifika ghorofa ya pili. Tukafika ya kwanza. Zile ngazi za mwisho kabisa, za kuingia mtaani, hatukuzigusa. Hazina chuma cha kushikia, kiling'olewa zamani, na kila mtu aliziogopa isipokuwa mama, au mama aliziogopa kimyakimya. Mkono wa kulia ulikuwa bado umelala. Mtaalamu alisema mkono huchelewa kuliko mguu, tusiukatie tamaa.

Ramadhani ikaingia. Daktari alimkataza mama kufunga, akanuna mwezi mzima. Na sasa sikilizeni, maana hapa ndipo pa kujifunza.

Mnajua Idi haina tarehe mpaka mwezi uandame. Hata kalenda ya masufuria ilisema hivyo chini kabisa kwa maandishi ya sisimizi. Mimi, mwanafunzi wa Bwana Mapunda, niliandika kwa penseli "Idi?" Ijumaa, na "Idi?" Jumamosi, nikaweka vivyo hivyo kwenye kalenda ya simu. Lakini mume wangu ni mtu wa reli. Mtu wa reli hapendi alama ya kuuliza kwenye ratiba. Siku moja nikiwa jikoni alichukua kalamu yake nyekundu nene, akafuta Ijumaa, akaandika Jumamosi kwa herufi kubwa: IDI.

"Baba Rama, umeuona mwezi wewe?"

"Mwaka huu tunatimiza thelathini. Mimi nakwambia."

"Umeambiwa na nani?"

"Hesabu."

Akaiandika kwa uhakika mpaka mimi mwenyewe nikaamini. Mama akapiga dole gumba lake juu ya Jumamosi. Ijumaa tukapanga iwe siku ya kuzijaribu zile ngazi za mwisho alasiri, polepole, mtaa ukiwa umetulia. Na Feisal, aliyezaliwa na kukulia palepale Kariakoo, naye akadhani kama Shomari. Ijumaa asubuhi akaweka kikao kizito kuliko vyote vya mwaka ule.

Malori matatu ya vitenge yalikuwa yamekwama Tunduma. Mwenye mzigo ni mama mmoja wa Lubumbashi, mteja wetu mkubwa, na uzito ulioandikwa kwenye karatasi moja haukufanana na ulioandikwa kwenye nyingine. Tulihitaji kikao kimoja, mteja, wakala wa mpakani na mtu wa nyaraka, karatasi zikisahihishwa pale pale. Feisal aliniambia wazi, "Bi Zuhura, hili likienda vizuri, habari ya majaribio tunaifunga. Mnabaki nyumbani moja kwa moja."

Alhamisi jioni tumefuturu, Shomari anakoroga chai kwa utulivu wa mtu mwenye siku moja zaidi. Mara mtaa ukalipuka. Watoto wanapiga makopo, wanawake wanapiga vigelegele madirishani, redio ya jirani imefunguliwa mpaka mwisho. Mwezi umeandama! Kesho Idi!

Tukatazamana. Shomari akaweka kijiko chini.

"Hesabu," mama akasema.

Kesho asubuhi Abdallah yuko mlangoni. Kesho asubuhi malori matatu. Na ngazi za mwisho hatujawahi kuzishuka. Nikamwambia mama tumpigie Abdallah, aje Jumamosi kama tulivyopanga. Akanikatalia katakata.

"Nilisema Idi, sikusema Jumamosi. Nipe kalenda."

Nikampa. Akapiga dole gumba juu ya Ijumaa, juu ya kikao changu, kidole kikafunika neno Tunduma lote. Niliogopa na nilifurahi kwa pamoja, na hata sasa nikiandika nasisimka vilevile.

Nikampigia Mama Luka. "Mwenzangu, mwezi umeandama."

"Nisiusikie kwa kelele zote hizi? Idi Mubarak! Umeangalia kalenda ya simu?"

"Sijaangalia."

"Iangalie."

Nikafungua. Ijumaa na Jumamosi zote mbili, chini ya "Idi?" yangu, liliandikwa jina lake. Alikuwa amejiandika tangu Ramadhani haijafika katikati, alipoiona ile alama ya kuuliza. Shomari alifuta ya ukutani, ya simu hakuijua.

"Krismasi ulinishikia zamu wewe nikaenda Songea," akasema. "Mimi nilidhani hilo halina haja ya kusemwa. Nitumie karatasi zako za malori, nikeshe nazo. Wewe kapike pilau."

Nililia kidogo, nisiwadanganye. Kisha nikamtumia karatasi, nikafunika kompyuta kwa kanga.

Asubuhi wanaume waliporudi kutoka kuswali tulimvika mama gauni jipya la hariri na baibui juu yake, tukafungua mlango. Ghorofa ya tatu mpaka ya pili alishuka kama mtu anayefuata deni lake. Ya pili mpaka ya kwanza alipumzika mara moja, akamsema mguu. Tukafika ngazi za mwisho. Chini mlango wa mtaani ulikuwa wazi, naona mwanga, nasikia watu wanapeana mkono wa Idi. Hakuna chuma. Akaweka mkono wa kushoto begani kwangu, akanikazia macho.

"Usiangalie nyuma."

"Siangalii, mama."

Mguu mgonjwa ukatangulia. Ukafuata mzima. Tena. Begani nilisikia uzito wake wote, na nyuma yake namwona Shomari ameikamata ile kanga kama breki ya treni, jasho linamtiririka kwenye kanzu mpya. Tukiwa katikati kabisa, simu ikaita mfukoni mwangu. Ikaita, ikaita. Malori! Mwili wote ukanikaza, na mama alilihisi bega.

"Nani?"

"Feisal, nadhani."

"Mwambie uko kwenye kikao."

Nilicheka. Sikuweza kujizuia, nilicheka nikiwa kinyumenyume kwenye ngazi zisizo na chuma, na mama naye akaanza kucheka, bega langu likatikisika, na Shomari juu kule akawa analia, "Msicheke! Jamani msicheke, mtaniangusha na nyie!" Simu ikanyamaza. Mguu mgonjwa ukatangulia tena. Na tena. Halafu nikasikia kisigino changu kimekanyaga sakafu ya baraza, na sauti ya mmoja wa wale wauza viungo ikapiga kigelegele ambacho nadhani kilifika Buguruni.

Abdallah alipofika alimkuta mama amekaa kwenye kiti katikati ya wenzake, ana kikombe cha chai na anakosoa mdalasini wa mtu. Akasimama na ufunguo wa gari mkononi.

"Shikamoo mama. Idi Mubarak. Nani kakubeba?"

"Marahaba. Anibebe kwani mimi mzigo?"

Akatutazama mimi na Shomari, akaona gauni na kanzu vilivyoloa, akaelewa. Kaka yangu alipiga magoti palepale barazani akaweka kichwa mapajani kwa mama. Alikula pilau sahani mbili, akarudi Mkuranga na kiti cha mbele kitupu, na tangu siku hiyo anapokuja huleta kuku mwenyewe.

Baadaye nilimpigia Feisal, roho mkononi. Kumbe alikuwa amepiga kunitakia Idi njema. Malori yalikuwa yameshavuka, Mama Luka alimaliza kila kitu kabla mteja wa Lubumbashi hajamaliza chai yake. Majaribio yakafungwa. Ninyi mnaofanyia kazi nyumbani leo, mmekalia kiti cha Mama Luka, msimsahau.

Shomari tangu hapo anaandika kwa penseli.

Nilimaliza mwaka na nusu zaidi, kisha ukafika mwezi wangu wa kustaafu. Siku ya mwisho walikuja kuchukua vifaa. Nilikunja kanga ya kompyuta, nikakaa sebuleni nikiitazama meza tupu, na nitasema ukweli, furaha yote iliyeyuka. Kalenda ya mwaka huu, duka lilelile, sufuria lilelile, kuanzia kesho yake haikuwa na neno. Sikumbuki mara ya mwisho kuona visanduku vyeupe vingi hivyo.

Asubuhi niliamka kwa mazoea, nikaenda moja kwa moja ukutani. Kwenye kisanduku cha siku ile kulikuwa na dole gumba la bluu. Lilikuwa limepinda, wino umevuja pembeni, si safi kama yale niliyoyazoea. Nikalisogelea. Katikati yake palikuwa na mstari mweupe mwembamba, umekatiza mistari mingine yote.

Kovu la mdalasini. Mkono wa kulia.

Niligeuka. Mama alikuwa mlangoni amevaa baibui, kapu la sokoni limening'inia kwenye mkono wa kushoto, na dole gumba la kulia bado lina wino.

"Umechelewa," akaniambia. "Kikao kimeshaanza."

Nikavaa viatu. Tukashuka kwenda sokoni, safari hii yeye akiwa mbele.